MREJESHO: Modeli ya nyambizi H. L. Hunley

Wakuu, niliuliza hapa kama nifuate mchoro wa mwaka 1902 katika kutengeneza modeli ya Hunley (nyambizi ya majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani) kwa skeli ya 1:24, au niuache. Asanteni sana mliosema niuache. Ule mchoro ulitokana na kumbukumbu za mhandisi William Alexander, takriban miaka 40 baada ya nyambizi kuzama, na unaionyesha kama boila lenye ncha. Ilipoopolewa karibu na Charleston, Marekani, Agosti 2000, ikaonekana ni nyembamba na laini, vichwa vya ribiti (pini za kuunganishia bati) vimesawazishwa na bati.

Basi nilichukua msasa nikaondoa ribiti zote nilizokuwa nimebandika. Kazi ya wiki mbili ilienda na vumbi, lakini bodi sasa inafanana na ile halisi. Urefu ni sentimita 50 hivi.

Kilichonisumbua zaidi ni mti wa bomu, yaani nguzo ndefu inayochomoza mbele ikiwa na bomu kwenye ncha. Nilikuwa nimeuweka juu ya pua, wa mbao. Ukweli ni kwamba ulikuwa wa chuma, umefungwa chini ya pua, karibu mita 5. Kwangu umetoka sentimita 20. Bomu lenyewe, la baruti kilo 61, nimelifunga kabisa kwenye ncha, kwa sababu mabaki ya shaba yalikutwa bado yameng'ang'ania pale.

Ndani nimewaketisha mabaharia saba upande wa kushoto, wakizungusha kwa mikono mtaimbo wa rafadha (pangaboi la kuisukuma nyambizi). Rangi bado.