Greenland 2: Migration, lazima nianze na ya kwanza?

babaTwins_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Wanangu wananisumbua tuangalie filamu ya Greenland 2. Ile ya 2020 sijaiona. Naweza kuingia moja kwa moja kwenye ya pili? Mdogo ana miaka tisa, asije akakosa usingizi.

mzee_wa_muvi
Mkuu, anza na ya kwanza. Ndimo kometi Clarke, bonge la barafu na mawe kutoka angani, inapovunjika, kipande kinaipiga Tampa kule Florida, na familia ya Garrity inahangaika hadi kwenye handaki la Greenland. Ya pili ni miaka kadhaa baadaye, wanatoka handakini kutafuta pa kuishi Ulaya. Gerard Butler na Morena Baccarin wapo, ila mtoto kabadilishwa mwigizaji.

MamaK
Nakazia, anza na ya kwanza. Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza kama Nathan, yule mtoto wa kwenye filamu, anachoma insulini kila siku. Kuna mahali familia ina bangili mkononi na majina yao yako kwenye orodha, halafu jeshi linawakatalia ndege kwa kuwa mtoto ana ugonjwa wa kudumu. Nilisimamisha filamu nikaenda kufungua friji kuhesabu vichupa. Hakuna filamu nyingine ya maafa iliyonigusa hivyo. Dunia inawaka, baba anakimbia kurudi garini kufuata dawa!

Ya pili nitaiangalia na swali moja tu: insulini wanaitoa wapi? Ambayo haijafunguliwa inataka joto la nyuzi 2 hadi 8, na bado ina tarehe ya kuisha. Ukishafungua, nyingi ni kama wiki 4. Miaka yote hiyo chini ya ardhi, nani anatengeneza?

Baba Twins, kwa huyo mdogo, kaa naye karibu mtoto anapoporwa mikononi mwa mama yake. Hapo panatisha kuliko vimondo.

babaTwins_Tanga
Asante sana dada. Umeme ukikatika huko kwenu unafanyaje?

MamaK
Chungu kikubwa, kidogo ndani yake, mchanga katikati. Mchanga naulowesha asubuhi na jioni, juu nafunika kitambaa kibichi, nakiweka kivulini penye upepo. Dawa iwe ndani ya mfuko uliofungwa, isiguse maji. Hakifikii friji, lakini joto la mchana kinalipunguza, na umeme ukirudi dawa inarudi kwenye friji, rafu ya kati, kamwe si kwenye barafu.