Kukaba juu: mmoja kainuka, mwingine kabebwa. Nihukumu vipi? (Malindi)

MchangaMgumu (mwanzisha uzi)

Salaam wana jukwaa. Niko Malindi na nimetwikwa kazi ambayo sikuiomba. Huku tuna kaligi kadogo ka raga ya wachezaji saba, timu zinatoka hapa mjini, Mambrui, Watamu na Kilifi. Mdhamini hatuna, mipira tunaazimana, maji ni ya mchango. Wazee wa ligi wameunda kamati ya nidhamu ya watu watatu wakanifanya mwenyekiti, eti kwa kuwa nimewahi kupuliza filimbi.

Mezani nina kesi mbili za bonanza moja.

Ya kwanza: beki wa hapa mjini, kijana mrefu, alimwendea mwenye mpira akiwa wima kabisa, hakukunja hata goti. Bega likapiga taya. Aliyepigwa akainuka, akajikung'uta mchanga, akaendelea. Refa akatoa kadi ya njano.

Ya pili: kijana wa Kilifi alishainama vizuri, mikono imefunguka, lakini mwenye mpira akateleza akashuka ghafla na bega likamkuta kichwani. Huyo alibebwa. Hospitali wakasema apumzike, sasa anaendelea vyema. Refa alitoa nyekundu.

Mtaani hukumu imeshatoka: wa Kilifi afungiwe msimu mzima, wa kwetu aachwe. Nikijaribu kueleza natupiwa mechi za runinga. Wa kwetu ananiambia, "Mbona Jesse Kriel wa Afrika Kusini hakufanywa kitu?" Wa Kilifi naye, "Mbona Owen Farrell wa Uingereza alifutiwa nyekundu?" Na wote wawili hawasemi uongo! Sasa ikiwa wakubwa wenyewe leo hivi kesho vile, mimi nitoe wapi msimamo? Kikao ni wiki ijayo. Naombeni ushauri, si matusi.

Flanka_wa_Gede

Wa Kilifi mechi sita, wa kwenu onyo. Aliyebebwa kabebwa. Kesi imeisha, tukale.

PropuMstaafu

Flanka, kwa hesabu yako mtu akikosa shabaha kwa bahati basi hana kosa.

Kijana, usitegemee wakubwa wakufundishe usawa. Mimi ni wa zamani. Mwaka 2005 nahodha wa Lions, ile timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, Brian O'Driscoll, alinyanyuliwa na wachezaji wawili wa New Zealand, Tana Umaga na Keven Mealamu, mechi haijachangamka, akatupwa chini, bega likachomoka. Ziara yake ikaishia pale. Waliofungiwa? Hakuna. Halafu njoo 2011, nusu fainali ya Kombe la Dunia: Sam Warburton wa Wales anamnyanyua Vincent Clerc wa Ufaransa, anampindua na kumwachia. Refa Alain Rolland hakusita, nyekundu. Wales wakacheza karibu saa nzima wakiwa 14 na wakalala 9-8. Nakubali ile kadi ilikuwa halali, na bado inaniuma.

Na vidole vya machoni je? Schalk Burger mwaka 2009 pale Pretoria, dakika ya kwanza, alipewa njano tu uwanjani, baadaye akafungiwa wiki 8. Miezi michache mbele David Attoub wa Stade Français, kosa la aina hiyo hiyo la jicho, wiki 70. Sabini! Eti kitabu ni kimoja.

Filimbi_ya_Mombasa

Mzee Propu, heshima yako, lakini umechanganya enzi. Nachezesha raga huku Mombasa, nitaeleza ninavyofanya kazi.

Tangu 2021 Shirikisho la Raga Duniani lina utaratibu wa kugusana vichwa ambao refa anaufuata kwa maswali, na mpangilio wa maswali haubadilishwi. Kwanza anauliza kama kichwa au shingo imeguswa kweli. Kisha kama ilikuwa rafu au ajali ya mchezo, kwa sababu si kila kugusana ni kosa. Ikiwa ni rafu, hatari yake ilikuwa kubwa au ndogo: kasi, nguvu, bega gumu, aliyekaba alikuwa wima au ameinama. Hatari kubwa inaanzia nyekundu, ndogo inaanzia njano. Mwisho kabisa ndipo anatafuta cha kumpunguzia, mfano mwenye mpira kushuka ghafla au mkabaji kusukumwa na mwingine. Kipunguzo hakitumiki kabisa kama kitendo chenyewe ni haramu tangu mwanzo, kama kupiga bega bila hata kujaribu kuzungusha mkono.

Pitisha kesi zako hapo, maalim. Wa kwenu: taya imeguswa, ni rafu, alikuwa wima, hakuna aliyeteleza. Nyekundu tupu, refa alikosea. Wa Kilifi: kichwa kimeguswa, nakubali ni rafu, lakini alishainama, mikono ipo, na mwenye mpira ndiye aliyeshuka. Mimi ningetoa njano.

Kwa hiyo mtaa wako umegeuza kesi juu chini.

MchangaMgumu

Filimbi, umenifungua macho na umenitia hofu kwa pamoja. Mamake huyu wa kwetu tunasalimiana kila asubuhi sokoni.

Lakini Farrell sasa? Naye si alisukumiwa mtu?

Filimbi_ya_Mombasa

Kesi ya Farrell ndiyo nzuri kuliko zote kwa mtu mwenye kamati, nitakaa nayo kidogo.

Agosti 2023, Uingereza dhidi ya Wales pale Twickenham. Farrell anampiga kwa bega kichwani Taine Basham wa Wales. Refa anatoa njano, na maafisa wa chumba cha marudio, ile wanayoita banka, wanaipandisha kuwa nyekundu. Wana dakika 8 za kuamua. Siku chache baadaye kamati huru ya nidhamu, wote watatu kutoka Australia, inasema Basham alisukumwa na Jamie George, mwenzake Farrell, akabadilisha mwelekeo, kwa hiyo kuna kipunguzo, nyekundu ifutwe. Dunia ikachemka. Shirikisho lenyewe likakata rufaa. Kamati ya rufaa ikauliza swali ambalo ile ya kwanza ililiruka: je, Farrell alijaribu kuzungusha mkono? Jibu hapana. Basi kitendo ni haramu tangu mwanzo na kipunguzo cha kusukumwa hakina nafasi. Adhabu ikaanzia mechi 6 ikashuka hadi 4, akakosa mechi za mwanzo za Kombe la Dunia dhidi ya Argentina na Japani.

Mwambie kijana wa Kilifi asilete Farrell, maana Farrell mwishowe alifungiwa. Na wewe ujue kamati ile ya kwanza haikuanguka kwa upendeleo. Ilianguka kwa kuruka swali moja.

Flanka_wa_Gede

Na Kriel? Hapo hujajibu. Wikendi moja, Kombe moja. Tom Curry wa Uingereza dakika ya tatu dhidi ya Argentina anagongana kichwa na Mallía, njano inakuwa nyekundu, kisha anafungiwa. Kesho yake Kriel wa Afrika Kusini anagongana na Jack Dempsey wa Scotland, hakuna kadi, na hata baada ya mechi hakuna aliyemshtaki. Maswali manne yako yalikuwa wapi?

Filimbi_ya_Mombasa

Hapo sina utetezi. Mchezo ulisonga mbele, na yule afisa mwenye haki ya kumshtaki mchezaji baada ya mechi hakumshtaki. Maswali hayajajibiwa vibaya, hayakuulizwa hadharani kabisa. Ningependelea jibu baya lililoandikwa kuliko kimya.

Bi_Mkubwa_7s

Watu wa visiwa vya Pasifiki wana kilio chao cha muda mrefu. Agosti ile ile ya Farrell, George Moala wa Tonga alimpindua mchezaji wa Kanada akafungiwa wiki 5, na hizo ni baada ya kupunguziwa nusu kutoka 10. Kosa si moja, najua, na jedwali la adhabu linasema kupindua mtu ni kubwa. Ila ukiwa Mtonga unaona mwenzako kafungwa haraka huku nahodha wa Uingereza anafutiwa mpaka shirikisho likate rufaa, utasema nini? MchangaMgumu, kijana wa Kilifi ndiye Mtonga wako. Mgeni, hana mtu kwenye kamati. Kabla ya kuzungumzia wiki, toka kwenye kiti kesi ya jirani yako ikisikizwa. Mweke mtu wa Mambrui.

NesiWaZamu

Sijui raga, mwanangu ndiye anayecheza. Nauliza kitu kimoja: huyo aliyepigwa taya "akaendelea kucheza", nani alimpima?

Kuinuka si kipimo. Mtikisiko wa ubongo unaweza kuanza kujitokeza baada ya saa kadhaa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kusahau, mtu kuwa mkali bila sababu. Anayeshukiwa atolewe na asirudi siku hiyo, hata akilia. Anayecheza tena akapigwa mara ya pili kabla ubongo haujapona anaweza kupoteza maisha. Mmekaa hapa mnahesabu kadi, na kesi yenu ya kwanza inategemea mtu ambaye hamjui aliumia au la. Mpigieni simu leo.

MchangaMgumu

Dada Nesi, nimempigia sasa hivi. Anasema kichwa kilimuuma siku mbili akameza dawa akanyamaza. Nimemwambia aende hospitali kesho na nitamsindikiza mwenyewe.

PropuMstaafu

Basi hoja ya "hakuumia" imekufa.

Sheria_na_Chumvi

Naongeza lililo sahihi kisheria, maana Filimbi ametoka bila kuligusa. Kuumia kwa aliyekabwa hakutupwi. Kwenye kanuni za nidhamu za raga, kamati inapopima uzito wa kosa inatazama kama lilikuwa la makusudi au la uzembe, nguvu iliyotumika, kama mwathiriwa alikuwa na namna ya kujikinga, na pia matokeo kwa mwathiriwa. Lakini hayo huja baada ya kuthibitika kuwa kosa linafikia nyekundu. Hayawezi kuigeuza ajali kuwa kosa.

Ngazi za adhabu ni tatu, chini, katikati na juu. Kukaba kwa hatari kunakogusa kichwa hakuanzii chini, kunaanzia katikati, wiki 6. Kisha mtu hupunguziwa, aghalabu hadi nusu, kwa kukiri, rekodi safi na adabu kikaoni. Curry aliishia wiki 3, na moja kati ya hizo akaibadilisha kwa mafunzo ya kukaba. Hilo la mafunzo mlichukue. Halina gharama, na kijana wenu mrefu ndiye anayelihitaji hasa. Rafu yake ni ya kimo na uvivu wa magoti.

Flanka_wa_Gede

Uvivu wa magoti 😂 nakubali, namjua.

Lakini wiki 6 kwetu ni kichekesho. Bonanza lijalo huenda likawa baada ya miezi miwili, kusi ikipungua. Atakaa wiki sita bila kukosa hata dakika moja.

Sheria_na_Chumvi

Ndiyo maana adhabu ihesabiwe kwa mechi ambazo kweli angezicheza. Kesi ya Farrell ilileta kelele hizo hizo, kuhesabu mechi za kujipasha moto kabla ya Kombe. Kwenye raga ya saba ni tata zaidi, kwa kuwa siku moja ya bonanza ina mechi tatu au nne. Ukisema "mechi sita" umemfungia siku mbili tu. Amueni mapema: mechi au siku za bonanza? Msiamue kesi ikiwa mezani, mtashukiwa kwamba mmechagua kipimo kinachomfaa mtu wenu.

Kijana_wa_Maweni

Kwani hatuwezi kutumia ile nyekundu ya dakika 20? Six Nations, yale mashindano ya mataifa sita ya Ulaya, ya 2025 walitumia. Aliyetolewa harudi, ila mwenzake anaingia baada ya dakika 20. Timu haiumii sana.

Filimbi_ya_Mombasa

Mdogo wangu, mechi yenyewe ni dakika 14. Njano yetu ni dakika mbili. Hata kwa wachezaji 15 Wafaransa waliipinga, wakidai inalegeza kinga ya kichwa, na mimi niko upande wao.

Mkitaka kuiga Wafaransa igeni lingine. Tangu 2019 raga yao ya ridhaa hairuhusu kukaba juu ya kiuno, baada ya vijana kufariki kwa kuumia mchezoni mwaka uliotangulia. Ligi isiyo na kamera wala daktari inahitaji mstari ambao refa mmoja anauona akiwa mita 15, jua la Malindi likimpiga usoni.

Bi_Mkubwa_7s

Kiunoni? Hapo mtaua raga. Magoti ya washambuliaji yatawavunja pua wakabaji. Kifuani panatosha.

Filimbi_ya_Mombasa

Tutabishana hilo siku ya bonanza la Driftwood hapa Mombasa, soda juu yako.

MchangaMgumu

Nimezungumza na wenzangu wawili. Kesi ya kijana wa kwetu sitakaa, nafasi yangu anashika mwalimu mmoja wa Mambrui asiye na timu. Njano haitamzuia kushtakiwa, maana kanuni tuliyosaini mwanzo wa msimu inaruhusu kamati kuitazama upya rafu ya kichwa. Wa Kilifi tunatazama kama nyekundu yake ilistahili, na ikionekana ni njano tunaifuta kwenye rekodi yake, mtaa upende usipende. Maswali manne tumeyaandika kwa Kiswahili, kila jibu litawekewa sababu yake, na karatasi itabandikwa uwanjani.

Kuhusu hesabu tumeshindana. Mimi nilitaka siku za bonanza, mwenzangu anataka mechi. Tumekubaliana mechi, ila zisizopungua siku moja nzima ya bonanza. Najua si safi.

Sheria_na_Chumvi

Si safi, lakini imeandikwa kabla ya kikao. Na rufaa? Nani anaisikiliza, na baada ya muda gani?

MchangaMgumu

Hilo hatukulifikiria. Saa 48 zinatosha?

Sheria_na_Chumvi

Zinatosha, mradi uamuzi wapewe kwa maandishi. Ukiutuma kwa ujumbe wa sauti, kesho kila mtu atakuwa na toleo lake.

PropuMstaafu

Na asiwe Flanka wa kusikiliza rufaa.