Kapcha, swali, mtego au idhini ya admini? Ulinganisho wa njia za kuzuia maroboti ya spamu kujisajili

Admini_Mzinga

Habari zenu wakuu. Nasimamia jukwaa dogo la wafugaji nyuki, la kujitolea, na wasimamizi tuko wachache. Kwa muda sasa usajili umejaa majina yasiyosomeka, herufi na tarakimu zimechanganywa tu. Ukifungua wasifu unakuta linki ya kasino au ya vidonge. Wengi hawaandiki posti hata moja: wanajisajili, wanapachika linki, basi.

Kapcha (jaribio la kutofautisha mtu na roboti) ya herufi zilizopindwapindwa iliyokuja na programu yenyewe haizuii chochote. Sasa nalinganisha hizi: kapcha ya kisasa (reCAPTCHA, hCaptcha au Turnstile), swali la kujibu, sehemu ya mtego kwenye fomu, kukagua kwenye StopForumSpam (orodha ya mtandaoni ya watuma spamu walioripotiwa), na idhini ya admini kwa kila anayejisajili. Sharti langu ni moja, mgeni wa kweli asisumbuke. Wengi wanaokuja kwetu ni watu wazima wasiozoea mambo ya mtandaoni. Wakikwama kwenye fomu mara moja, hawarudi.

FundiSeva

Hiyo kapcha ya herufi itoe leo. Watafiti wa Carnegie Mellon walipoitangaza rasmi kwa jina hilo mwaka 2003, kompyuta zilikuwa zinashindwa kusoma herufi zilizopindwa. Siku hizi zinazisoma kuliko sisi, na anayeumia ni binadamu peke yake.

Hizo za kisasa hazifanani. reCAPTCHA v2 (toleo la pili la kapcha ya Google) ya 2014 ndiyo ile ya kuweka tiki kwamba wewe si roboti, na ikikutilia shaka inakuletea picha za mabasi na taa za barabarani uzichague. v3 ya 2018 haimuulizi mtu kitu. Inatoa alama kati ya 0.0 na 1.0, na mwenye tovuti ndiye anayeamua akate wapi. Google wanashauri uanzie 0.5. Tatizo lake ni kwamba mtu anayetumia kivinjari kinachozuia ufuatiliaji anaweza kupata alama za chini bila kosa lolote, na umeshamfungia nje bila yeye kujua sababu. Turnstile ya Cloudflare, iliyotoka 2022, haina mafumbo ya picha. Kama kapcha ni lazima, ningeanza na hiyo.

Jambo moja ninalolikuta mara kwa mara kwenye tovuti ninazoitwa kuzitengeneza: kapcha ipo kwenye fomu, lakini seva haihakiki tokeni, yaani msimbo unaotolewa mtu akishapita kapcha. Mgeni anaweka tiki, tokeni inatumwa, na hakuna anayeiuliza Google au Cloudflare kama ni halali. Roboti nyingi hazifungui ukurasa kama sisi, zinatuma data moja kwa moja kwenye anwani ya fomu. Seva isipouliza, zinapita kama vile hakuna kitu.

Sikio_la_Skrini

Naomba na mimi mnisikilize. Sioni, natumia kisoma-skrini, programu inayonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Picha za mabasi sina la kuzifanya. Kuna sauti mbadala, lakini maneno yake yamefunikwa na kelele, na kila nikibonyeza kusikiliza, kisoma-skrini kinataja jina la kitufe juu ya neno la kwanza, sauti mbili kwa wakati mmoja. Kuna nyakati reCAPTCHA inakataa kabisa kutoa sauti, inasema kompyuta au mtandao wangu huenda unatuma maombi ya kiotomatiki. Ikifika hapo sina njia nyingine. Yapo majukwaa niliyotaka sana kujiunga nikaacha.

Mkiweka kapcha yoyote, wekeni na njia ya kumwandikia admini isiyopita kwenye kapcha hiyo hiyo. Swali la maandishi halinisumbui hata kidogo.

Bi_Kanuni

Pole sana ndugu, na umesema jambo ambalo maadmini wengi hawalipimi kabisa.

Sisi tunatumia swali, na kwa jukwaa dogo bado naona ndilo bora. Maroboti hayakulengi wewe. Programu za spamu kama XRumer zinazunguka kwenye tovuti chungu nzima zenye fomu za namna moja, zile zinazotumia programu za majukwaa kama phpBB, SMF na vBulletin, kwa kuwa majina ya sehemu za fomu hizo yanajulikana. Swali ulilolitunga mwenyewe linakutoa kwenye mkumbo huo.

Ila litungwe vizuri. "2 + 3 ni ngapi" halifai, programu hizo zinajua hesabu. "Anga lina rangi gani" limeulizwa kila mahali, jibu wanalo. Na usiulize la utaalamu, kwa mfano nyuki dume hutoka kwenye yai la namna gani, maana anayekuja kujifunza ndiye utakayemfukuza. Sisi tunauliza kitu kilichomo kwenye kanuni zetu, na linki ya kanuni iko chini ya swali lenyewe. Mgeni anazisoma kabla hajaingia, jambo tulilokuwa tunalitamani siku zote. Kubali majibu ya kila sura: herufi kubwa au ndogo, umoja na wingi, hata mtu akiacha nafasi mwishoni. Kisha pitia majibu yaliyokataliwa. Ukikuta "masega" limekataliwa kwa sababu wewe uliweka "sega", huyo alikuwa mtu.

Na swali libadilishwe. Mtu akilijibu kwa mkono mara moja, jibu linahifadhiwa kwenye orodha ya majibu na kila anayetumia orodha hiyo analipata. Utalijua tu, usajili utafurika ghafla.

Admini_Mzinga

Asante dada. Na hizi modeli za lugha, programu za akili bandia kama ChatGPT? Si zinaweza kusoma kanuni na kujibu zenyewe?

FundiSeva

Zinaweza. Na picha nazo zinatatuliwa; kabla hata ya modeli hizi, palikuwa na huduma zinazolipa watu kutatua kapcha kwa mkono. Hakuna kizuizi kisichopitika. Unachofanya ni kupandisha gharama ya kukuingilia wewe hadi izidi faida ya linki moja kwenye jukwaa dogo. Ndiyo maana usitegemee swali peke yake, tanguliza mtego.

Mjenzi_Fomu

Mtego nauelezea mimi, maana watu huuweka vibaya. Unaongeza kwenye fomu sehemu moja ambayo binadamu haioni, uipe jina linalovutia roboti kama "website". Ikirudi imejazwa, unakataa. Usiifanye ya aina ya "hidden", maroboti mengi yanazijua hizo na kuziruka. Iwe sehemu ya kawaida ya maandishi, uifiche kwa CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa).

Tatizo ni kwamba CSS peke yake haitoshi. Ukiisogeza tu nje ya skrini, kisoma-skrini cha ndugu yetu hapo juu bado kitaisoma, naye ataijaza kwa nia njema. Weka aria-hidden ili kisoma-skrini kiiruke, weka tabindex ya -1 ili kitufe cha Tab kisifike pale, na kama tahadhari andika lebo yake "usijaze hapa". Zima na ujazaji wa kiotomatiki, kisha jaribu mwenyewe, kwa sababu baadhi ya vivinjari havizingatii na vinajaza anwani ya tovuti ya mtu bila yeye kuona.

Ongeza kipimo cha muda. Seva ipachike saa ya kufunguliwa kwa fomu, iliyosainiwa isichezewe, na ikirudishwa ndani ya sekunde 2 ioneshe fomu upya badala ya kumfukuza mtu, kwa kuwa mwenye programu ya kutunza nywila anaweza kuwa mwepesi kweli. Kama kurasa zako zinahifadhiwa kwenye kashe (nakala zilizo tayari za kurasa), ukurasa wa usajili uutoe humo, la sivyo wageni wote watapata muda uleule wa zamani.

Zamu_ya_Usiku

Mimi natetea idhini ya admini. Hakuna roboti inayopita mikononi mwa mtu makini.

Bi_Kanuni

Unaidhinisha kwa kuangalia nini lakini? Jina na barua pepe havikuambii kitu. Na mgeni aliyekuja na swali la haraka, nyuki wanamhama leo, anasubiri mpaka admini aamke. Mimi naidhinisha posti ya kwanza, si mtu. Posti inajieleza.

Zamu_ya_Usiku

Hapo nakubaliana nawe. Lakini angalia wanaohariri. Wanaandika "asante kwa maelezo mazuri", unaidhinisha, baada ya wiki kadhaa wanarudi kuipachika linki ndani ya posti ile ile. Funga uhariri kwa wapya baada ya muda mfupi, au posti iliyohaririwa irudi kwenye foleni.

Barua_na_Linki

Nyongeza mbili. StopForumSpam inakagua anwani ya IP, barua pepe na jina. Jina usilitumie kabisa, majina yanafanana mno. IP itumie kwa uangalifu, kwa sababu kwenye mitandao ya simu watu wengi hutoka nyuma ya anwani moja. Angalia imeripotiwa lini mara ya mwisho kabla hujakataa. Barua pepe ndiyo ya kuaminika zaidi, na unaweza kuituma ikiwa heshi ya MD5 (msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye anwani) badala ya anwani yenyewe. Waambie wanachama wako kwamba unafanya hivyo.

Pili, barua ya uthibitisho itumwe mwisho, baada ya mtego na swali. Maroboti hujaza anwani za watu wasiohusika. Ukituma kwanza ukakagua baadaye, seva yako ndiyo inayomwaga barua kwa watu ambao hawakuziomba, wanaziripoti kuwa taka, na matokeo yake barua za wanachama wako wa kweli zinaishia kwenye spamu.

Na ondoa sababu ya kuja. Sehemu ya tovuti kwenye wasifu na sahihi (maneno yanayotokea chini ya kila posti) zisipatikane kwa mtu ambaye hajaandika posti kadhaa zilizoidhinishwa. rel="nofollow" (alama ya kuziambia injini za utafutaji zisiihesabu linki) ipo tangu 2005 na ni vizuri kuiweka, ila haiwafukuzi, programu zao hazijisumbui kuikagua.

Admini_Mzinga

Nimepata nilichokuwa natafuta, shukrani. Naweka mtego na muda, kisha swali la kanuni, barua pepe mwisho, na posti ya kwanza ipite kwetu. Kapcha naiondoa. Swali la mwisho: hawa waliokwisha kujaa ndani nawatoaje bila kufuta watu?

Bi_Kanuni

Chukua nakala ya hifadhidata kwanza. Kisha chuja wasio na posti, wenye linki kwenye wasifu, na ambao hawajaingia tena tangu siku waliyojisajili. Yote matatu kwa pamoja. Wasio na posti lakini wanaingia mara kwa mara usiwaguse, hao ni wasomaji wako.