Johannesburg, Abu Dhabi au London: tamasha lipi la mashabiki niende mwakani?

Klingoni_wa_Temeke
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa waliowahi kutoka. Nimejibana muda mrefu, na mwakani nataka kwenda tamasha moja kubwa la mashabiki, lile lenye waigizaji wanaosaini na ukumbi uliofurika watu wa kosplei, yaani waliovaa kama wahusika wa filamu na katuni. Nimebakiwa na matatu: Comic Con Africa ya Johannesburg, Middle East Film & Comic Con ya Abu Dhabi, na MCM Comic Con ya London. Likizo natakiwa niombe kabla mwezi haujaisha, na bosi wangu si mtu wa mambo ya kushtukiza. Lipi linalipa? Karibuni wajuvi.

NjooNaData
Mkuu, umeleta nusu ya mada. Pasi ya wapi? Bajeti kiasi gani? Unaenda peke yako? Unafuata nini hasa: waigizaji, katuni za Kijapani, michezo ya video, au kununua sanamu za kupanga kabatini? Bila hayo tutabaki kukupigia ramli.

Msee_wa_Westi
Mbona mbali hivyo? Panda basi uje Nairobi kwenye tamasha letu, NAICCON, pale Sarit Centre. Ukweli usemwe, nyota wa Hollywood hutawapata. Lakini wachoraji wetu wa vibonzo wako pale mezani wenyewe, unapiga nao stori mpaka unasahau kula, na mavazi ya wasee wa huku si ya kubahatisha. Hiyo nauli ya London ungefanyia mambo mengi sana.

Klingoni_wa_Temeke
Pasi ya Tanzania. Naenda peke yangu, labda na mdogo wangu. Bajeti ya kawaida tu.

NjooNaData
Ya kawaida ya Masaki au ya Mbagala? Na huyo "labda na mdogo wangu" ni tiketi ya pili ya ndege, kaka, hapitishwi kimyakimya hivyo.

Shangazi_Otaku
Kwa pasi yetu hapa hakuna mjadala, ni Johannesburg. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, kwa hiyo zile karatasi za benki na barua ya mwajiri umeshaziruka. Kadi ya homa ya manjano tu usiiache nyumbani.

Tamasha lenyewe lilianza 2018 kule Kyalami, kwenye uwanja wa mbio za magari. Tangu 2022 liko kwenye kituo cha maonyesho cha Nasrec, na pale ni kumbi juu ya kumbi. Mimi napenda kona ya wachoraji kuliko jukwaa kuu. Lakini kitu kilichonikaa ni kijana mmoja aliyekuwa amevaa deraya ya povu mwili mzima. Mguu mmoja ulikuwa umebanduka kuanzia gotini, akakaa chini ukutani, mwenzake kapiga magoti anampaka gundi huku anapuliza ikauke. Wapita njia watatu wasiojuana wakasimama, kila mmoja akachomoa kitu mkobani: mmoja gundi, mwingine utepe wa kunata, wa tatu pini. Ukienda na vazi ulilolishona mwenyewe, pale uko kwa ndugu zako.

Likiisha usianze kutembea tembea usiku kutafuta usafiri. Agiza gari ukiwa bado ndani ya geti.

Said_Maskati
Assalaam alaykum. Ndugu yangu, kote huko unajichosha. Njoo Abu Dhabi. Sie huwa tunatoka Maskati kwa gari, tunavukia Al Ain, na jioni tumeshafika. Lilikuwa Dubai tangu 2012, likahamia Abu Dhabi 2022, pale ukumbi wa maonyesho wa ADNEC. Kiyoyozi saa zote, pa kuswali papo, watoto hawapotei, foleni zina adabu. Na mwigizaji akialikwa Ghuba hukai naye mbali, maana umati si ule wa kukanyagana. Ila usije na vazi la mabega wazi na tumbo nje ukategemea kupita nalo barabarani kama uko Coco Beach.

Shangazi_Otaku
Maalim Said, viza ya Emirati umeisahau. Wewe unavuka kwa gari kwa sababu una makaratasi ya huko.

Said_Maskati
Viza ya matembezi hupatikana kupitia shirika la ndege au wakala, si jambo la kumtisha mtu.

Kijana_wa_ExCeL
Nimekaa nasoma tu lakini naona London inaonewa. MCM ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Oktoba, ukumbi wa ExCeL. Unapanda treni ya Elizabeth mpaka Custom House, ukishuka tu unaona watu wenye mapanga ya povu, huulizi njia. Na kwa mtu wa televisheni ya Uingereza hakuna mbadala. Huku unaweza kukutana na waigizaji wa miaka na miaka wa Doctor Who, ile tamthilia ya Daktari anayesafiri katika wakati, hata wale waliovaa vinyago vya madubwana na sura zao hazikuwahi kuonekana. Wale ndio wenye hadithi nzuri, maana hakuna anayewachosha kwa maswali.

Dada_wa_Coventry
Mleta mada, kabla hujashawishika, ngoja nikupe yaliyonikuta, na tamasha lenyewe silitaji. Lilikuwa hapa hapa Uingereza.

Nilikata tiketi ya kuingia, halafu ya picha na mwigizaji mmoja ninayempenda tangu nikiwa sekondari Tanga. Elewa hili kwanza: tiketi ya mlangoni inakuingiza ndani tu. Sahihi inalipiwa peke yake, picha peke yake, na picha na mtu mkubwa inaweza kuzidi bei ya siku nzima ya kiingilio. Nikalipa. Treni nikalipa, hoteli nikalipa, kwa sababu ratiba ilisema picha ni saa nne kasoro asubuhi. Nikamchukua na binti wa dada yangu, tukamshonea gauni la buluu lenye vidirisha vyeupe kifuani, awe kile kisanduku cha polisi anachosafiria Daktari wa Doctor Who. Taa ya kichwani tuliitengeneza kwa kopo la mtindi.

Siku mbili kabla, mwigizaji akajitoa, kaitwa kazini. Hilo siwalaumu, wao wanafuata mikataba yao ya kurekodi. Ninacholaumu ni kwamba taarifa iliwekwa kwenye mtandao wa kijamii tu, usiku, katikati ya matangazo ya fulana. Barua pepe hakuna. Asubuhi tumefika, foleni ya picha ipo, watu wameshika namba zao, kuna mzee katoka Scotland na fimbo yake. Kijana wa kujitolea, masikini, ndiye aliyeachiwa kazi ya kupita mtu mmoja mmoja akisema hayupo. Mtoto ananiuliza, "Mama mdogo, sasa taa yangu ataiona nani?"

Pesa ya picha walirudisha. Kiingilio, treni na hoteli, hola. Ukisoma masharti, yameandikwa chini kabisa kwamba wageni wanaweza kubadilika. Kwa hiyo kama unavuka bahari kwa ajili ya mtu mmoja, jiulize: asipokuja, bado utafurahi?

Na hata akija, picha yenyewe ni sekunde. Unaweka begi mezani, unasogea, tabasamu, mwanga, asante, anaitwa mwingine. Ukitaka maneno mawili matatu, nenda kwenye meza ya sahihi.

Msee_wa_Westi
Ndio maana nasema Sarit.

NjooNaData
Dada wa Coventry ameuliza swali la msingi. Mleta mada, unamfuata NANI?

Klingoni_wa_Temeke
Haya, nafunguka. Namtaka Michael Dorn, aliyeigiza Worf kwenye tamthilia ya anga ya Star Trek, yule wa Waklingoni, jamii ya wapiganaji wa sayari nyingine.

Mjomba_Minnesota
Ungesema tangu juzi! Hayo matatu yote ni bahati nasibu kwa mtu wa Worf. Nenda Las Vegas mwezi wa nane, kuna kongamano la Star Trek tupu. Waigizaji wa zamani na wapya wanakaa siku kadhaa, na unaweza kupishana nao kwenye korido ya hoteli. Haya mambo ndiyo asili ya yote: kongamano kubwa la kwanza la Star Trek lilikuwa New York Januari 1972, waandaaji walitarajia mamia, wakaja maelfu, na kipindi chenyewe kilikuwa kimeshafutwa tangu 1969.

Comic-Con ya San Diego usijaribu mara ya kwanza. Beji zinagombaniwa mtandaoni na wengi wanatoka kapa, kisha ule ukumbi wake mkubwa, wa H, unaingiza watu kama 6,500 hivi, wengine wote wanalala kwenye nyasi nje.

Shangazi_Otaku
Viza ya Marekani kwa kijana mwenye "bajeti ya kawaida", Mjomba? Haya.

Kijana_wa_ExCeL
Samahani, lakini kwa nini Worf? Mtu ananyimwa hoja kila kipindi. Anashauri ulinzi uimarishwe, kapteni anakataa, adui anaingia, Worf anapigwa ili tujue adui ana nguvu. Sisko, yule mkuu wa kituo cha anga kwenye Deep Space Nine, ndiye mtu.

Klingoni_wa_Temeke
Hapo umenigusa pabaya. Hakuna mwigizaji aliyetokea kwenye vipindi vingi vya Star Trek kumzidi Dorn. Misimu saba ya ile ya Kapteni Picard, The Next Generation, kuanzia 1987, kisha 1995 akahamia kituo cha Sisko mpaka mwisho 1999, na 2023 akarudi akiwa mzee mwenye mvi anakunywa chai ya mitishamba na bado anakata watu vichwa. Yatima aliyelelewa na watu wa mila nyingine, anajifunza ukabila wake kwa kusoma, halafu akienda kwao anakuta wenyewe hawaufuati. Nani humu hamjui ndugu wa hivyo? Kila ukoo una mmoja anayerudi Desemba na kutufundisha mila.

Dada_wa_Coventry
😂😂 Wa kwetu anatoka Oslo.

Said_Maskati
Nyote mmemsahau mama yenu Uhura wa Star Trek ya kwanza. Mwaka 1966, mwanamke mweusi kwenye usukani wa mawasiliano, na kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kuna dubwana linamtokea kwa sura ya mwanamume na kumsemesha Kiswahili! Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alitaka kuacha, Martin Luther King akamsihi abaki. Worf huyo alikuwa hajazaliwa.

Mjomba_Minnesota
Na baadaye Nichols akaisaidia NASA kutafuta wanaanga wanawake na weusi. Kwa Uhura nanyoosha mikono.

Msee_wa_Westi
Kama ni kujivunia wetu, basi Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi. Na bado nina hasira. 2011 walimpa Darwin kwenye filamu ya X-Men, kijana ambaye uwezo wake WOTE ni mwili kujigeuza ili asife. Majini anaota matamvua ya kupumulia kama samaki, ngumi ikija anakuwa jiwe. Halafu ndiye wanayemuua mapema! Hiyo ni hesabu gani?

Kijana_wa_ExCeL
Alimezeshwa nguvu ndani ya mwili, hakuweza kujirekebisha haraka. Inaeleweka.

Msee_wa_Westi
Haieleweki. Mwili wake ungejigeuza nguvu tupu ukaendelea na safari. Waandishi walikuwa wavivu. Shukuru 2025 alipewa Mister Terrific kwenye filamu ya Superman, na wengi tulitoka sinema tukimsifu yeye.

Kijana_wa_ExCeL
Ukisema mzaliwa, Ncuti Gatwa amezaliwa Rwanda na amekuwa Daktari wa Kumi na Tano wa Doctor Who. Safu nzima ilikuwa yake, si mtu wa pembeni.

Msee_wa_Westi
Misimu miwili tu wakambadilisha. Bora Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, kwenye Wakanda ya filamu ya Black Panther hakuhitaji hata maneno mengi, mkuki ulitosha.

Said_Maskati
Vijana mmeanza kuona televisheni juzi. Sie Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi miaka ya sabini, nyie wa Bara mkaja kuipata 1994.

Msee_wa_Westi
Na Kenya 1962, mzee.

Said_Maskati
Ya rangi, nimesema.

NjooNaData
Mada ilikuwa tamasha lipi. Nakumbusha tu.

Shangazi_Otaku
Klingoni, unakwenda na vazi? Kama ni Worf, paji la uso utalitengeneza na nini? Usiniambie udongo wa kufinyanga, utatoka jasho likuangukie mdomoni.

Klingoni_wa_Temeke
Bado nahangaika. Paji la mpira wa kimiminika nimeanza kulijaribu, lakini lile panga lao, bat'leth, ndilo linanitesa. Povu la kosplei halisi sijalipata dukani.

Shangazi_Otaku
Acha kuhangaika na la kuagiza. Nunua ile mikeka ya watoto ya kuunganisha kama fumbo, Kariakoo ipo kibao. Upande wenye mistari uwe ndani. Gundisha kwa gundi ya fundi viatu, paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo ubane. Wengi wanabana mbichi halafu wanalalamika. Katikati pitisha bomba la plastiki la waya wa umeme, la sivyo ncha zitalegea kama mbawa za bata. Kabla ya rangi ya kupuliza, paka gundi nyeupe ya mbao tabaka kadhaa, povu linakunywa rangi sana.

Mjomba_Minnesota
Na popote utakapokwenda, liingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Ukifika tamashani watalikagua na kulifunga utepe.

Dada_wa_Coventry
Urefu wake ni mita ngapi? Kama linazidi begi, litengeneze vipande viwili vya kuchomekana katikati, pale mkono unaposhika.

Klingoni_wa_Temeke
Hilo sikuliwaza. Lakini likichomekana si litayumba nikilizungusha?

Msee_wa_Westi
Unazungusha panga ukumbini umejaa watoto? Wewe kweli ni Klingoni.

Shangazi_Otaku
Halitayumba ukitumia bomba moja ndani ya jingine na skrubu ya kukaza kwa mkono. Kesho nikirudi kazini nitapiga picha ya langu niliweke hapa.