Lenzi ya jicho inayorekebishwa baada ya upasuaji

Mwana wa Wete: Assalaam alaykum. Mama yangu ametolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi. Mbali anaona vizuri, lakini msahafu unamshinda bila ya miwani. Nasikia zipo lenzi zinazorekebishwa zikiwa zimo jichoni. Je, yake inawezekana?

Muuguzi wa macho, Unguja: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Lenzi hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ni ya silikoni yenye chembe zinazoitika mwanga wa urujuanimno, yaani mwanga usioonekana uliomo pia katika jua, hivyo wiki kadhaa baada ya upasuaji daktari humulika jicho, umbo la lenzi likabadilika kidogo kidogo hadi mgonjwa aridhike, kisha humulika mara ya mwisho ili lisibadilike tena. Mpaka hapo mgonjwa huvaa miwani maalumu ya kuzuia mwanga huo, na kwa jua letu hilo si jambo dogo. Lenzi ya kawaida haina chembe hizo, kwa hiyo haibadiliki kwa kumulikwa.

Mzee wa Chake: Mwanangu, lenzi ya kawaida hulenga umbali mmoja tu, wala daktari hakukosea. Mpimisheni miwani ya kusomea. Ukungu ukimjia baadaye, mrudisheni hospitali, kwani utando ulio nyuma ya lenzi ukifanya ukungu hutobolewa kwa leza.