Tupeane uzoefu: siku ulipotenguliwa Wikipedia na onyo likakufuata

Kalamu ya Pwani
Wakuu, habari za jioni. Leo napitia mabadiliko ya karibuni kwenye Wikipedia ya Kiswahili nikakuta kijana mgeni makala yake ya kwanza imetenguliwa mara mbili, yaani alichoandika kimeondolewa, kisha kawekewa onyo kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Kajibu mstari mmoja: "Basi, siandiki tena." Nimeumia, maana mwaka wangu wa kwanza nami nilitaka kuondoka hivyohivyo. Mliowahi kuonywa au kufungiwa, semeni ilikuwaje na mlitokaje.

Mpagazi wa Zamani
Umenigusa kidonda. Yangu ilikuwa urefu wa Kilimanjaro, Wikipedia ya Kiingereza. Mlima ule nimeubebea mizigo miaka tisa. Kibao cha Kilele cha Uhuru kinasema mita 5,895, nimekishika kwa mkono huu. Usiku mmoja nakuta mtu kaweka 5,892. Nikarudisha. Akaweka tena, nikarudisha. Saa tano usiku niko ndani ya blanketi, simu inakaribia kuzima, bado narudisha. Sikujua kanuni ya mara tatu: ukitengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye makala moja unafungiwa, hata kama haki iko kwako. Mara ya nne nikaongeza na maneno kwenye muhtasari wa hariri, kile kisanduku cha kueleza ulichobadilisha. Nilimwita mkoloni anayekuja kutupimia mlima wetu.

Asubuhi nina maonyo mawili, la vita vya kuhariri na la kumshambulia mtu, na nimefungiwa siku nzima. Kwa kuwa sina la kufanya, nikafungua chanzo alichokiweka yule bwana tangu mwanzo. Sikuwahi kukifungua. Kumbe 5,895 ni kipimo cha mwaka 1952, enzi za Waingereza. Hicho cha 5,892 ni cha 1999, na wapimaji wa Dar es Salaam walikuwamo wakishirikiana na Wajerumani. Niliyemwita mkoloni ndiye aliyeleta kazi ya watu wa kwetu. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilipofunguliwa nikaenda ukurasa wa majadiliano, nikamwomba radhi, tukakubaliana vipimo vyote viwili vitajwe, kila kimoja na mwaka wake na chanzo chake.

Mama Kuruthumu
Kweli kabisa. Ukishapandwa na hasira, zima simu ulale.

Mwana wa Mbamba Bay
Mpagazi ulipata wa kukusikiliza. Mimi Wikipedia ya Kiingereza kila nikiandika Ziwa Nyasa wanarudisha Malawi. Nimeonywa mara tatu kwa jina la ziwa lililonilea!

Mlinzi wa Vyanzo
Ndugu yangu, jina la makala hufuata vyanzo vingi vya lugha ile vinavyosema. Kwetu Kiswahili makala inaitwa Ziwa Nyasa. Hukuonewa.

Mwana wa Mbamba Bay
Sikuonewa? Malawi wanashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 kwamba maji yote ni yao mpaka kwenye mchanga wetu. Kukaa kimya kwenye jina ni kukubali mpaka huo.

Mlinzi wa Vyanzo
Mpaka una sehemu yake ndani ya makala, hoja ya Tanzania ya mpaka kupita katikati ya ziwa iandike pale na vyanzo. Ukibadilisha jina kila asubuhi watakufungia, na hiyo hoja itakosa mtetezi.

Fundi Simu Kayole
Mimi hata sijagombana na mtu. Nafungua kuandika, naambiwa anwani yangu ya intaneti (IP) imezuiwa hadi mwaka kesho.

Mlinzi wa Vyanzo
Mitandao ya simu huwapa watu wengi anwani moja. Mmoja akiharibu, wote mnafungiwa. Jaribu kuingia kwa akaunti. Ikikataa bado, omba akaunti yako isamehewe zuio la anwani.

Binti Fidla
Naandika kwa mara ya kwanza hapa. Baba yangu alipiga fidla kwenye taarabu Unguja tangu ujana wake. Alipofariki nikamwandikia makala, usiku kumi mfululizo. Siku ya arobaini, watu wako uani wanakula, nafungua simu nakuta imependekezwa kufutwa: hakuna vyanzo huru. Nikaona wanamzika mara ya pili. Nikawaita wadogo zangu wanne, kila mmoja akafungua akaunti akaandika "ibaki". Sote intaneti moja ya nyumbani. Kesho yake akaunti zote tano zimefungiwa, eti ni mtu mmoja anayejifanya watano. Hatukuwa mtu mmoja. Tulikuwa watoto watano wa mtu mmoja.

Mama Kuruthumu
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu mzee.

Mwana wa Mbamba Bay
Dah. Ya ziwa nayaacha kwanza. Dada, fungua akaunti nyingine uirudishe makala.

Mlinzi wa Vyanzo
Usimpoteze! Hiyo ni kukwepa adhabu, atafungiwa moja kwa moja. Binti, ukurasa wako wa majadiliano kwa kawaida unabaki wazi hata ukifungiwa. Andika ombi pale, taja kila akaunti ni ya nani, kubali kwamba kuitana ili kupiga kura lilikuwa kosa. Usimtaje mtu kwa ubaya.

Mpagazi wa Zamani
Na makala usiirudie kabla ya kupata vyanzo. Si lazima viwe mtandaoni, gazeti la karatasi linakubalika. Umepita Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani?

Kalamu ya Pwani
Yule kijana nimemwandikia, sikutumia onyo la kubandika. Kajibu salamu.

Binti Fidla
Kilimani sijafika. Mama ana kipande cha gazeti ndani ya kasha, baba yumo amekaa na kikundi. Tarehe inasomeka, jina la gazeti limekatwa.

Mlinzi wa Vyanzo
Lipige picha pande zote mbili. Nyuma huwa kuna tangazo au ratiba ya redio, gazeti tutalitambua.

Binti Fidla
Mama amelala. Kesho baada ya alfajiri nalitoa.