Nataka namba ya dada yangu ionekane simu ikiwa imefungwa, ila nyumbani wasiione. Naombeni ushauri

Binti Ujiji
Habari za jioni wakuu. Nauza dagaa, nachukua Kibirizi napeleka Kasulu na Kibondo. Muda mwingi niko njiani peke yangu, na simu nimeiwekea paswedi. Siku nikianguka huko, atakayeniokota atawapataje ndugu zangu? Nimesikia kuna namna ya kuweka namba na maelezo mafupi ambayo mtu anasoma bila kufungua simu. Yangu ni Tecno ya kawaida. Ila sipendi kila anayeishika pale nyumbani ayaone. Mwenye uelewa anielekeze, nina wasiwasi kweli.

Fundi Mwanga
Dada, ingia Mipangilio, kwenye sehemu ya kutafuta andika "dharura". Utakuta mahali pa maelezo ya matibabu na mahali pa watu wa kupigiwa. Jaza jina, kundi la damu, dawa unazotumia, zinazokudhuru, kisha namba. Halafu ruhusu yaonekane simu ikiwa imefungwa, hapo ndipo wengi wanaruka. Anayekuokota anabonyeza "Dharura" pale pa kuweka paswedi, anasoma na kupiga. Android wanayo tangu toleo la 7 la mwaka 2016, iPhone iko kwenye programu ya Health tangu 2014. Kama yako haina, weka ujumbe wa kioo wenye namba ya ndugu.
La nyumbani wasione haliwezekani. Kilichowekwa asome mpita njia, mume naye atakisoma.

Mzee wa Gungu
Mambo haya yana miaka. Mwaka 2005 kule Uingereza mhudumu wa gari la wagonjwa, Bob Brotchie, alihimiza watu wahifadhi namba ya ndugu kwa jina la ICE, kifupi cha Kiingereza "In Case of Emergency", yaani ikitokea dharura. Baada ya mabomu ya London, Julai mwaka huohuo, habari ikasambaa nchi nyingi. Lakini huku Kigoma, mwisho wa reli, andika ICE uone kama kuna bodaboda atakayejua ni nini.
Kijana wangu aligongwa njia ya Kidahwe, simu yake haikuwa na paswedi. Waliomwokota wakatafuta "Mama", wakakuta mama wa kila namna: mama mkwe, mama mwenye nyumba, mama ntilie. Wakampigia mama ntilie. Yule mama aliacha vyungu motoni akaja kutuita mbio, na mpaka leo sikukuu haipiti hatujampelekea sahani. Andikeni jina na undugu: "Baba mzazi", "Dada wa damu".

Kasulu Moja
Binti Ujiji, kwa nini nyumbani wasione? Ukianguka si wao wa kwanza kupigiwa? Kuna kitu hujasema.

Binti Ujiji
Nyumbani ni mume wangu na mawifi. Nataka apigiwe dada yangu, yuko Uvinza. Mume wangu akisikia habari mbaya anachanganyikiwa tu. Namba ya dada nimeshaiweka, hilo limekwisha.

Kasulu Moja
Na kwenye maelezo ya matibabu umeandika nini?

Binti Ujiji
Hapo ndipo nimekwama. Nina kisukari tangu nikiwa shule, nachoma insulini. Mume hajui. Kwao walishamvunjia shemeji yangu uchumba kwa sababu msichana alikuwa na maradhi, na mama mkwe analirudia kila mara. Nikishapata mtoto nitasema. Simdhulumu mtu, najitunza na biashara inaenda. Nilichouliza ni simu.

Mama Wawili
Mdogo wangu, mwanamume anayelala na wewe kitanda kimoja ajue ugonjwa wako kwa kusoma kwenye kioo cha simu? Mimi presha yangu nilimweleza mzee kabla ya mahari. Alinyamaza siku nzima, kesho yake akaniuliza dawa zinauzwa wapi. Mungu ampumzishe. Wanaume hatuwajui mpaka tuwaambie.

Migebuka Moto
Wakuu hii ni chai. Insulini inataka friji. Huyu anaishi na mume na mawifi, anasafiri na magunia ya dagaa mpaka Kibondo, sindano anaificha wapi? Anataka uzi urefuke tu.

Nesi wa Zamani
Si chai hata kidogo. Chupa iliyokwisha kufunguliwa inakaa nje ya friji karibu wiki nne, mradi isipigwe na jua wala joto kali. Wasio na friji huweka akiba kwenye chungu kilicholowanishwa maji, na inasaidia.
Mkiwa mnabishana kuhusu friji mtu anaweza kufa. Sukari ikishuka mtu anatoka jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki, na watu wanasema kalewa, wanampita. Kama bado anaweza kumeza, mpeni soda yenye sukari au maji ya sukari. Akiwa amezimia msimmiminie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kwa hiyo, binti, neno KISUKARI na neno INSULINI yawe juu kabisa, hata kabla ya namba ya dada. Na hiyo ya kusubiri mtoto, hapana. Mwenye kisukari huanza kliniki kabla ya kushika mimba.

Migebuka Moto
Sawa nesi, lakini ajibu mwenyewe. Inakaa wapi?

Binti Ujiji
Akiba iko kwa jirani anayeuza barafu. Ninayotumia iko kwenye pochi, ndani ya kitambaa chenye maji. Sina sababu ya kutunga ugonjwa mbele ya watu nisiowajua.

Migebuka Moto
Nimekuelewa, dada. Samahani.

Kasulu Moja
Basi mwandike huyo jirani awe wa pili. Dada wa Uvinza hawezi kufika kwa saa moja, na siku hiyo anaweza asipatikane hewani. Jirani yuko hapo na dawa anayo.

Binti Ujiji
Nimeandika: KISUKARI, INSULINI. Dada wa kwanza, jirani wa pili. La mume niachieni kwanza. Nesi, naomba nije faragha kuhusu hiyo kliniki.

Nesi wa Zamani
Njoo. Andika na jina la insulini yenyewe kama lilivyo kwenye chupa.

Dereva wa Manyovu
Sisi wa kitochi, simu ndogo za vitufe, tunafanyaje?

Fundi Mwanga
Kitochi usikiwekee paswedi. Hifadhi jina lianze na herufi A, litokee juu: "A Mke wangu". Halafu andika namba hiyohiyo kwenye karatasi, iweke pamoja na leseni. Kwenye ajali simu ndiyo ya kwanza kuibwa.